Joto Likitoka Chini: Somo la Kumtunza Nyoka Mdogo wa Mchangani

Yuko nyoka mmoja ambaye katika maduka ya wanyama ya Ulaya na Marekani huuzwa kwa jina la nchi yetu. Ni nyoka wa mchangani wa Kenya, mfupi na mnene, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na kahawia iliyokoza. Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha akiwa amejifukia kwenye mchanga. Wataalamu humwita Eryx colubrinus. Hapa nyumbani anaishi katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi, na wengi wetu hatujawahi kumwona.

Somo la toleo hili linahusu mtoto wa nyoka huyo anapofugwa ndani ya sanduku: jinsi ya kumpa joto bila kumchoma na bila kuunguza nyumba. Tumewaandikia wakaazi wenye vibali vya kufuga nyoka, wahudumu wa bustani za nyoka, na walimu wa sayansi. Hata hivyo, mkaazi asiyetaka kabisa kumkaribia nyoka asiruke ukurasa huu. Kosa tutakalolieleza linawahusu pia wafugaji wa vifaranga.

Huenda ukauliza, kaunti na nyoka wapi na wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti masuala ya ustawi wa wanyama, huduma za matibabu ya mifugo na huduma za zimamoto. Mnyama akiungua, au nyumba ikishika moto kwa sababu ya taa ya kupashia joto, mlango wa kwanza kubishwa ni wa kaunti.

KABLA YA JOTO, KIBALI

Nyoka ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, hakuna ruhusa ya kumkamata, kumfuga, kumuuza au kumsafirisha bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kibali hicho hakitolewi na kaunti, na barua ya chifu haiwezi kuchukua nafasi yake. Biashara ya nyoka huyu kuvuka mipaka pia inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Asiwepo wa kudhani kwamba mnyama mdogo hana mwenyewe. Mnamo Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, baada ya kupatikana na maelfu ya chungu waliokusudiwa kupelekwa ng'ambo. Kama chungu wanalindwa na sheria, nyoka je?

Kuna sababu nyingine ya kutookota nyoka porini. Mtu asiye na ujuzi anaweza kumchanganya nyoka wa mchangani, ambaye hana sumu, na kifutu mdogo au kipiri mwingine mwenye sumu kali. Ukimwona nyoka shambani au nyumbani, rudi nyuma, mweke macho ukiwa mbali, na upige simu kwa ofisi ya KWS iliyo karibu.

MFAHAMU MNYAMA MWENYEWE

Nyoka huyu hazai mayai. Watoto huzaliwa wakiwa hai, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita 20 hivi, yaani mfupi kuliko rula ya mwanafunzi. Majike hukua kuwapita madume kwa mbali. Macho yake madogo yamekaa juu ya kichwa, kwa hiyo anaweza kulala ndani ya mchanga huku macho tu yakichungulia, akingoja panya au mjusi apite.

Kama nyoka wengine, mwili wake hautengenezi joto la kumtosha. Analipata kutoka nje, na bila joto hilo hawezi kusaga chakula. Nyoka mdogo aliyelishwa kisha akawekwa mahali pa baridi anaweza kukitapika chakula chote, na akitapika mara kwa mara anadhoofika haraka.

Sasa fikiria anavyoishi porini. Mchana jua hupiga mchanga kutoka juu, na katika maeneo ya jangwa uso wa mchanga unaweza kupita nyuzijoto 60 za Selsiasi. Nyoka anafanya nini? Anazama. Kila anapoteremka, mchanga unakuwa baridi zaidi. Usiku ukiingia anapanda tena kuwinda. Kwake yeye sheria ya dunia ni moja: juu kuna moto, chini kuna nafuu.

KOSA LINALOMUUMIZA

Wafugaji wengi wanaoanza hununua mkeka wa joto, yaani kipande chembamba cha plastiki chenye nyaya za stima ndani yake. Huuweka chini ya sanduku, humwaga mchanga mwingi juu, kisha huning'iniza kipimajoto ukutani. Kipimajoto kinasoma nyuzijoto 28, na mfugaji analala akijua mambo yako sawa.

Mambo hayako sawa. Mchanga uliorundikwa juu ya mkeka unafanya kazi ya blanketi: joto linashindwa kutoka, na sakafu ya sanduku inazidi kupanda. Mkeka usiodhibitiwa unaweza kupita nyuzijoto 40 pale chini huku hewa ya juu ikiwa ya kawaida. Nyoka mdogo anaposikia joto limezidi, anafuata alichofunzwa na maumbile: anachimba kwenda chini kutafuta nafuu. Huko chini ndiko kwenye moto wenyewe. Akizidi kuunguzwa, anazidi kuchimba.

Usitegemee kwamba atahama mwenyewe akihisi anaungua. Ni jambo linalojulikana kwa wanaotibu wanyama watambaao kwamba mara nyingi hubaki juu ya kitu cha moto hadi ngozi ya tumbo iharibike. Kwa mtoto wa sentimita 20 hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwili mdogo hupata moto upesi kuliko mkubwa.

Hili ndilo fundisho kuu la somo hili: kwa mnyama anayechimba, pima joto la mahali anapoweza kufika, hasa sakafu iliyo chini ya mchanga. Kipimo cha hewa peke yake hakitoshi.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Sanduku liwe na upande wa joto na upande wa baridi, ili nyoka achague mwenyewe.

Upande wa joto, kwenye sakafu: nyuzijoto 32 hadi 34.
Upande wa baridi: nyuzijoto 24 hadi 27.
Usiku: unaweza kushuka hadi nyuzijoto 22 bila madhara kwa nyoka mwenye afya.
Popote ndani ya sanduku: pasizidi nyuzijoto 36.

Anayeishi Garissa, Hola au Lodwar huenda asihitaji kifaa cha joto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kazi yake ni kuhakikisha sanduku halipigwi na jua la dirishani, kwani sanduku la kioo likipigwa na jua hugeuka tanuri kwa dakika chache. Anayeishi Limuru, Kinangop au Nyahururu, mwezi wa Julai hana budi kuwasha.

KUPANGA SANDUKU, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Chagua sanduku. Kwa mtoto wa nyoka, urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 30 unatosha. Kifuniko kiwe na matundu ya hewa na kifungwe kwa komeo au kibanio. Mtoto huyu ni mwembamba kama kalamu, na mwanya unaopitisha penseli unaweza kumpitisha yeye.

Hatua ya 2: Chagua chanzo cha joto. Njia inayofuata maumbile yake ni joto la juu: taa ya joto au kifaa cha kauri kinachofungwa juu ya upande mmoja, kikimulika kupitia wavu wa chuma. Kwa njia hii mchanga unapata joto juu na kubaki na nafuu chini, kama ilivyo porini. Kifaa cha kauri hupata moto mkali mno, kwa hiyo kifungwe kwenye soketi ya kauri, kamwe si ya plastiki, na kizungushiwe wavu ili nyoka asikiguse. Njia hii haifai kwa sanduku la plastiki, ambalo linaweza kuyeyuka.

Ukitumia sanduku la plastiki, mkeka wa joto unaruhusiwa kwa masharti. Uwekwe nje ya sanduku, usiwekwe ndani. Usizidi theluthi moja ya sakafu. Kwa sanduku letu la mfano, hiyo ni sentimita 15 kwa 30. Sanduku liinuliwe kidogo kwa vipande vya mbao kwenye pembe zake ili hewa ipite chini. Mchanga wa upande huo uwe mwembamba, sentimita 3 hivi, na wa upande wa baridi uwe wa kina cha sentimita 6 hadi 8. Hapo nyoka anayetaka kuzama sana atazama penye nafuu.

Hatua ya 3: Funga thamostati. Hiki ni kifaa kinachokata stima joto likifika kiwango ulichoweka na kuirudisha likishuka. Bila thamostati usiwashe chochote. Kwa mkeka, bana sensa yake kati ya mkeka na sanduku, kwa nje, na uikaze isiteleze. Ukiilaza ndani ya mchanga, nyoka anaweza kuisukuma hadi upande wa baridi. Sensa ikisoma baridi, thamostati itaendelea kupeleka stima bila kukoma, na wewe huna habari. Kwa joto la juu, funga sensa mahali ambapo miale inafika na nyoka hawezi kuing'oa.

Hatua ya 4: Pima mwenyewe. Usiamini namba iliyo kwenye thamostati peke yake. Nunua kipimajoto cha dijitali chenye waya, uzike ncha yake kwenye sakafu ya upande wa joto, na usome. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso, tulivyovizoea milangoni wakati wa korona, havifai hapa. Vimetengenezwa kusoma joto la mwili wa binadamu. Kama unataka cha kuelekeza, tafuta kile cha mafundi, na ukumbuke kwamba kinasoma uso wa mchanga tu. Fukua kwanza ndipo uelekeze.

Hatua ya 5: Fanya majaribio ya siku tatu kabla nyoka hajaingia. Washa kila kitu sanduku likiwa na mchanga lakini halina mnyama. Andika kwenye daftari joto la sakafu ya upande wa joto na la upande wa baridi, alfajiri, saa nane mchana na saa nne usiku. Kipimo kimoja kikipita 36, punguza thamostati na uanze siku tatu upya. Afadhali daftari lichafuke kuliko ngozi ya mnyama.

Hatua ya 6: Weka bakuli dogo la maji upande wa baridi, na maficho pande zote mbili. Usitumie gundi ya karatasi wala selotepu ndani ya sanduku, kwa sababu hunasa ngozi ya nyoka. Usitumie mawe ya stima yanayouzwa kwa ajili ya wanyama watambaao; hupata moto sehemu moja na baridi sehemu nyingine, na yamewachoma wengi.

STIMA NA USALAMA WA NYUMBA

Kifaa cha joto huwaka saa nyingi, mara nyingi watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kiheshimu kama unavyoliheshimu jiko.

Usikichomeke kwenye ekstensheni iliyojaa plagi nyingine. Acha waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani ya plagi. Weka taa mbali na pazia, chandarua na karatasi. Waya uliochunika usizungushwe utepe ukaitwa mzima, ubadilishe. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima kwenye swichi kuu kwanza, uliza maswali baadaye.

Kuhusu gharama, mkeka wa wati 10 ukiwaka mfululizo hutumia uniti 0.24 kwa siku, takriban uniti 7 kwa mwezi. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 12 kwa siku hutumia karibu uniti 22 kwa mwezi. Thamostati hupunguza hesabu hizi, kwa sababu hukata stima kila joto linapotosha.

STIMA IKIPOTEA

Usihangaike. Baridi ya usiku mmoja nyoka mwenye afya huivumilia, ilhali joto la kupita kiasi linaweza kumuua kabla hujamaliza kunywa chai. Lifunike sanduku kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa. Kama baridi ni kali, jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, na uiweke nje ya sanduku, ikiegemea upande mmoja. Nyoka asilishwe hadi joto lirudi.

Kamwe usiingize jiko la makaa chumbani ili kumpasha joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na atakayeamka amekufa huenda asiwe nyoka. Stima inaporudi, kagua thamostati na kipimajoto kabla ya kuondoka, kwa sababu baadhi ya vifaa hupoteza kiwango ulichoweka.

DALILI ZA HATARI NA HUDUMA YA KWANZA

Nyoka wa mchangani asiyetaka kuzama mchangani anakuambia jambo. Akikaa juu mchana kutwa, akipanda kuta bila kutulia au akiachama mdomo, pima sakafu mara moja. Akijikunyata upande wa joto siku zote na kutapika chakula, huenda sanduku ni baridi mno.

Geuza tumbo lake taratibu mara moja kwa wiki ulitazame. Magamba yaliyogeuka mekundu au kahawia, malengelenge, au ngozi yenye unyevu ni dalili za kuungua. Ukiziona, zima joto, mwagilie sehemu hiyo maji safi ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika kumi, kisha mweke kwenye karatasi safi za jikoni badala ya mchanga. Usimpake mafuta, dawa ya meno wala asali. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ukiwa na kibali chako na lile daftari la vipimo. Vidonda vya kuungua kwa nyoka hupona polepole mno, na vikiingia uchafu vinaua.

KWA MFUGAJI WA VIFARANGA

Kifaranga hachimbi, lakini yeye naye lazima awe na pa kukimbilia. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 pale chini ya taa, kisha punguza kama nyuzijoto 3 kila wiki. Pima kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga. Kipimo cha darini hakimhusu. Taa ikae upande mmoja au katikati, pembeni pakibaki na nafuu. Wakisongamana chini ya taa, wana baridi; wakijibana kwenye kuta huku wakihema, wanaungua; wakitawanyika na kula, umepatia. Taa ifungwe kwa mnyororo, isining'inizwe kwa waya wake wa stima, maana ikianguka kwenye maranda, banda zima linaondoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini nyoka anayechimba huzidi kuungua anapojaribu kukimbia joto la mkeka?
2. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzijoto 28. Je, hiyo inatosha kuonyesha kwamba sakafu ni salama? Eleza.
3. Sensa ya thamostati ikisukumwa hadi upande wa baridi, nini kitatokea upande wa joto?
4. Jirani amemwokota nyoka mdogo na anataka kumpa mtoto wake amfuge. Utamshauri nini, kwanza kuhusu usalama, pili kuhusu sheria?
5. Kagua taa ya banda lako la vifaranga leo jioni. Imefungwa kwa nini?

Ukishindwa na swali la kwanza, rudia sehemu ya kosa linalomuumiza, kwani mengine yote yanatoka hapo. Kwa masuala ya kibali, fika katika ofisi ya KWS iliyo karibu nawe. Kwa mnyama aliyeungua au ushauri wa vifaranga, mwone afisa wa mifugo katika wadi yako. Moto ukizuka, toa watu nje kwanza, kisha piga 999 au 112.